Hasira ya Kufutwa Kazi Isikufuate kwa Mwajiri Mpya

UKIFUTWA kazi, mwili nao huhisi. Usingizi hukatika saa tisa za usiku, chakula hakina ladha, kichwa huuma bila homa. Watu wa nyumbani hudhani umekuwa mvivu. La hasha! Aghalabu ni hasira na huzuni zilizokosa pa kwenda, na zikiachwa hivyo huharibu afya na pia nafasi yako ya kupata kazi nyingine.

Wakazi wa Kericho na Bomet wanalijua jambo hili vyema. Makampuni makubwa yalipoanza kutumia mashine za kuchuma majani chai, kazi ya kikosi kizima cha wachumaji wenye vikapu ikawa ya watu wachache tu. Anayeachishwa hupoteza mshahara, na kama alikuwa akiishi katika nyumba za kampuni, hupoteza paa pia. Mnamo Mei 2023 uchungu huo ulifurika, na waandamanaji wakateketeza mashine kadhaa huko Kericho. Si kazi ya ukurasa wa afya kuamua kesi hiyo. Swali letu ni dogo zaidi: wewe uliyefutwa, uchungu wako utakuwa wapi siku utakapoketi mbele ya mwajiri mwingine?

Mwaka 1994, mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na wenzake wawili walichapisha utafiti juu ya wataalamu waliokuwa wamepoteza kazi. Baadhi yao waliombwa waandike kwa dakika 20 kila siku, kwa siku tano, wakieleza yale waliyohisi kuhusu kufutwa kwao. Walioandika walipata kazi mapema kuliko wenzao. La ajabu ni kwamba hawakuwa wametia bidii zaidi katika kutafuta. Kilichobadilika ni jinsi walivyoitazama kazi waliyoipoteza, pamoja na ile waliyokuwa wakiitafuta.

Basi nunua daftari. Andika kwa lugha yoyote, Kipsigis, Kiswahili au Kiingereza, wala usijali makosa. Mtukane nyapara humo ukitaka. Daftari hilo si la kusomwa na mtu, na ukimaliza unaweza kulichoma jikoni.

Faida yake utaiona utakapoulizwa, "Kwa nini uliacha kazi ya kwanza?" Hapa ndipo wengi huangukia. Mtu huanza kueleza vizuri, kisha sauti hupanda, anataja meneja, anataja ukabila, anataja marupurupu ambayo hakulipwa. Huenda yote ni kweli. Lakini anayemsikiliza hajui kisa hicho; anachoona ni mtu mwenye ghadhabu, na anajiuliza kama kesho atasemwa yeye. Jibu fupi latosha: "Kampuni ilileta mashine, tukapunguzwa. Nilikuwa nimefanya kazi huko miaka sita." Kisha nyamaza. Madai ya malipo yapeleke kwa chama cha wafanyakazi au ofisi ya leba.

Jambo la pili ni ujuzi. Mchumaji akiulizwa anajua kazi gani, hujibu, "Sijui kitu, nilikuwa nikichuma majani tu." Jibu hilo linamdhulumu. Kuchagua majani mawili na chipukizi, kuacha jani gumu, kufika shambani alfajiri katika baridi na mvua, kukumbuka kilo zako za kila siku ili karani asikupunje: hizo ni sifa ambazo jikoni mwa hoteli, shamba la maua au ghala la mboga lingezitaka. Zitaje kwa idadi na kwa miaka. Usiseme tu kwamba wewe ni mtu wa bidii, maana kila mtu husema hivyo.

Karatasi nazo zina nguvu. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi ikiwa ulifanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi. Kitaonyesha ulianza lini, uliacha lini na kazi yako ilikuwa gani. Sheria haimlazimishi akusifu, kwa hiyo sifa utazieleza wewe mwenyewe. Na kama ulijifunza useremala au uchomeleaji kazini bila kuingia chuoni, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, ina mitihani ya gredi ambayo unaweza kuifanya kwa ujuzi ulio nao mikononi.

Usiache siku zako zikose umbo. Miaka ya 1930, watafiti waliwachunguza watu wa Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimefungwa. Wanaume walikuwa na saa tele, lakini walitembea polepole zaidi, na hata vitabu vya maktaba waliazima vichache kuliko zamani. Kwa hiyo amka saa ile ile uliyokuwa ukiamka wakati wa kazi, oga, toka nje.

Na ikiwa kukosa usingizi au kukata tamaa kumeendelea kwa wiki mbili, au mawazo ya kujiua yamekujia hata mara moja, daftari halitoshi. Nenda kliniki iliyo karibu, au hospitali ya Longisa kule Bomet, au hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kericho, ukamweleze daktari wazi, bila kusingizia maumivu ya kichwa.