Bima ya Safari ya Ng'ambo: Si Karatasi ya Viza Tu

SOMO LA KUSOMA PAMOJA KATIKA KIKUNDI



Siku hizi si ajabu kusikia kwamba kikundi cha kijijini kimealikwa ng'ambo. Kanisa rafiki la huko linataka kumwona mwenyekiti, au wafadhili wanataka mfumaji wa vikapu aje awaonyeshe kazi yake. Habari ikifika, watu hupiga vigelegele. Halafu inakuja orodha ya karatasi zinazotakiwa na ubalozi, na katikati ya orodha hiyo kuna jambo ambalo wengi wetu hatukulitarajia: bima ya matibabu ya safari.

Hapo utasikia mtu akisema, "Hiyo ni karatasi tu ya kupatia viza. Nunua ile ya bei ya chini, tuendelee na mambo mengine."

Somo la leo ni juu ya maneno hayo, "karatasi tu". Bima ya safari ina kazi mbili. Ya kwanza ni kumridhisha afisa wa viza. Ya pili ni kulipa hospitali siku ile msafiri atakapougua ugenini. Karatasi moja inaweza kufanya kazi ya kwanza vizuri sana na kushindwa kabisa na ile ya pili. Kwa hiyo kabla ya kulipa tujiulize maswali mawili: Ubalozi unataka nini? Na msafiri wetu, kwa umri wake na afya yake, anahitaji nini?

TUCHUKUE MFANO

Tuseme kuna kikundi cha akina mama 24 wanaofuma vyondo. Mwenyekiti wao ana miaka 58. Amealikwa Ujerumani tangu tarehe 3 Juni hadi tarehe 11 Agosti, yaani siku 70. Wiki moja kati ya hizo angependa kwenda London kumwona mpwa wake. Ana nguvu na bidii, lakini ana presha, na kila asubuhi humeza dawa. Nauli imelipwa na wenyeji. Viza na bima ni juu ya kikundi, na pesa hizo zimetolewa kwa harambee. Kila shilingi ina mwenyewe.

UBALOZI UNATAKA NINI?

Ujerumani ni moja ya nchi 29 za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja inayoitwa viza ya Schengen. Viza hiyo ya muda mfupi hairuhusu kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Sheria yake ya mwaka 2009, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inataka bima yenye mambo haya:

1. Iwe na kiwango cha euro 30,000 au zaidi. Euro moja ikiwa shilingi 150, hizo ni shilingi milioni 4 na nusu.

2. Ilipie matibabu ya dharura, kulazwa hospitalini kwa dharura, kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, na kusafirisha maiti endapo msafiri atafariki.

3. Itumike katika nchi zote za Schengen, si Ujerumani peke yake.

4. Ifunike siku zote za kukaa huko. Siku 70 ni siku 70. Bima ya siku 60 haitoshi.

Bima isipotosha, hiyo peke yake ni sababu ya kunyimwa viza. Na ada ya viza, ambayo kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, hairudishwi ukinyimwa.

Jambo la pili katika orodha hiyo lisipite hivi hivi. Sisi tunajua maana ya kuketi chini ya hema usiku baada ya usiku tukichanga pesa za kuurudisha mwili wa mtu wetu kutoka nchi za mbali, familia ikingoja na kaburi halijachimbwa. Bima nzuri huuondolea ukoo mzigo huo.

Wengine huuliza, "Je, kadi ya SHA haitoshi?" La. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, ina kazi yake hapa nyumbani. Haihesabiwi kuwa bima ya safari.

NCHI NYINGINE ZINA MASHARTI YAO

Uingereza haimo katika Schengen. Ina viza yake, na bima iliyoandikwa "Schengen pekee" inaishia mpakani. Mgeni wa muda mfupi anayekwenda Uingereza halazimishwi kuwa na bima. Lakini kutolazimishwa si kutibiwa bure. Akilazwa katika hospitali ya serikali kule England, mgeni wa kutoka nchi kama yetu anaweza kudaiwa asilimia 150 ya gharama. Anayeomba viza ya kukaa zaidi ya miezi 6 hulipa ada ya afya pamoja na viza. Tangu Februari 2024 ada hiyo ni pauni 1,035 kwa mwaka, na kwa wanafunzi pauni 776.

Marekani nayo hailazimishi bima kwa mgeni wa kawaida, na hospitali zake ni ghali mno. Lakini wanaokwenda kwa mpango wa kubadilishana wageni, kwa viza iitwayo J-1, ni lazima wawe na bima ya angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali.

Kwa hiyo mwenyekiti wetu akitaka kufika London, aombe viza ya pili, na hati yake ya bima itaje Uingereza pia.

MSAFIRI ANAHITAJI NINI?

Sasa tumsikilize mwenyekiti akiwa na wakala wa bima mjini.

Wakala: Karibu, mama. Hii hapa ni ya siku 70, shilingi 5,400 tu. Ubalozi unaikubali bila shida.

Mama: Asante, kijana wangu. Na mimi nina presha. Ikinipanda nikiwa huko, hii italipa?

Wakala: Mama, hapa wanauliza kama una ugonjwa wowote. Wengi huandika "hapana", mambo yanakwenda haraka.

Mama: Nikiandika "hapana", na daktari wa huko akute nimebeba dawa za presha kwenye mkoba?

Wakala: Hapo, kusema kweli, kampuni inaweza kukataa kulipa.

Mama: Basi andika "ndiyo". Halafu unionyeshe ile ambayo itanilipia.

Wakala: Iko hii nyingine, ya shilingi 9,000. Ukiwa na ugonjwa wa zamani na ukakushika ghafla, inalipa hadi euro 5,000. Ugonjwa mpya au ajali, hadi euro 50,000. Na Uingereza imo.

Bei na viwango hivi ni vya mfano tu. Kila kampuni ina vyake. Lakini tazameni: mbele ya afisa wa viza, hati zote mbili zinapita. Mbele ya hospitali, ile ya kwanza haina msaada kwa ugonjwa ule ule ambao mama huyu anao. Tofauti ni shilingi 3,600. Zigawe kwa wanachama 24, ni shilingi 150 kila mmoja. Si pesa ya kupuuza, lakini ni afadhali kuliko deni la hospitali ya Ulaya.

Na deni hilo linaweza kumwangukia mwingine pia. Kule Ujerumani, mwenyeji akiwa ametia sahihi hati rasmi ya kumdhamini mgeni, anaweza kudaiwa gharama za mgeni wake, matibabu yakiwemo. Mtu aliyetualika kwa moyo mwema asije akajuta.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Katika bima, mficha maradhi huumbuliwa hata kabla ya kifo, siku ile anapoomba kulipiwa. Kujaza fomu kwa uongo ni kununua karatasi isiyo na kitu ndani. Usikubali wakala akujazie fomu kisha wewe utie sahihi tu. Kama kusoma ni shida, nenda na mtu wa kikundi unayemwamini akusomee neno kwa neno.

MAMBO SITA YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

1. Ni mambo gani hayalipiwi? Kila hati ina ukurasa wake wa mambo hayo. Anza na ukurasa huo. Mara nyingi utakuta ugonjwa wa zamani, mimba iliyokomaa, ajali ya mtu aliyelewa, na kazi za mikono. Ikiwa wenyeji watakupeleka shambani kusaidia kuvuna, uliza mapema.

2. Nitajilipia kiasi gani kwanza? Hati nyingi humtaka msafiri alipe sehemu ya mwanzo ya kila gharama. Ikiwa ni euro 100, je, utakuwa nazo mfukoni?

3. Hospitali italipwa moja kwa moja, au nitalipa mimi kisha nirudishiwe? Kwa mtu wa kijijini hili ni swali kubwa. Kurudishiwa hakumsaidii asiye na cha kutanguliza.

4. Siku zinahesabiwaje? Bima ya mwaka mzima inaweza kuonekana rahisi, lakini mara nyingi ina kikomo cha siku kwa kila safari. Safari ndefu inahitaji hati inayofika mwisho wake. Ianze siku unayotoka nyumbani, na iwe na siku chache za ziada endapo ndege itachelewa. Uliza pia kama unaweza kuiongeza ukiwa huko, na ufanye hivyo kabla haijaisha.

5. Umri wangu unakubaliwa? Kampuni nyingi huongeza malipo kwa wazee, na nyingine hazipokei waliopita umri fulani.

6. Nikinyimwa viza, pesa zitarudi? Kampuni kadhaa hurudisha, zikikata kiasi kidogo, ukionyesha barua ya kunyimwa. Hilo lipate kwa maandishi, si kwa mdomo.

Mizigo kupotea na ndege kuchelewa pia vinaweza kukatiwa bima. Ni vizuri, lakini kwanza mwili, begi baadaye.

NUNUA KWA NANI?

Nchini Kenya, kampuni na mawakala wa bima husajiliwa na Mamlaka ya Kusimamia Bima, iliyoanza kazi mwaka 2007. Kabla ya kutoa pesa, hakikisha kwamba kampuni na wakala wako wamesajiliwa mwaka huu. Soma pia masharti ya ubalozi juu ya kampuni zinazokubaliwa. Usimlipe mtu wa barabarani anayesema atakutengenezea barua. Barua bandia inaweza kukunyima viza hata kama karatasi nyingine zote ni safi.

Wenyeji wako nao wanaweza kukununulia bima huko kwao kwa jina lako, mradi itimize masharti yale yale. Wakijitolea, washukuru, kisha uwaulize maswali yale yale sita.

Ukipokea hati, kaa chini uisome mbele ya wakala. Jina liwe sawa na la pasipoti, herufi kwa herufi. Tazama nambari ya pasipoti, tarehe, nchi, na kiwango. Kosa dogo linasahihishwa kwa dakika tano mjini. Ubalozini laweza kugharimu safari.

Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla. Kwa kawaida jibu huchukua siku 15, lakini laweza kufika hata siku 45. Kwa hiyo msingoje mwezi wa mwisho.

UKIWA UGENINI

Weka nakala moja ya hati mkobani, nyingine kwa mwenyeji, na nyingine kwa mweka hazina wa kikundi hapa nyumbani. Namba ya simu ya dharura ya kampuni iandike mahali ambapo hata ukizimia itaonekana.

Beba dawa zako za siku zote pamoja na barua ya daktari. Bima hailipii dawa za kila siku ulizosahau mezani.

Ukiugua ghafla katika nchi za Umoja wa Ulaya, simu ya dharura ni 112, bila malipo. Okoa maisha kwanza, kisha wewe au mwenyeji mpigie kampuni ya bima mapema iwezekanavyo. Kampuni nyingi zinataka kuarifiwa kabla ya mtu kulazwa, kama hali inaruhusu. Na usitupe risiti wala karatasi ya daktari hata moja.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, mtu akialikwa ng'ambo, ni nani atakayekaa naye kuisoma hati ya bima?

2. Je, tungekuwa sisi, tungechagua ile ya 5,400 au ile ya 9,000? Kwa nini?

3. Kwa nini watu huona haya kutaja ugonjwa wao kwenye fomu? Tufanye nini ili mwenzetu asione haya mbele yetu?

4. Wawili waigize mazungumzo ya mama na wakala, na wengine wahesabu ni maswali mangapi kati ya yale sita yaliyoulizwa.

Mkimaliza, mwandishi wa kikundi ayaandike yale maswali sita kwenye jalada la nyuma la daftari la mikutano. Siku mwaliko utakapofika, pengine kwa kijana ambaye leo yuko shule ya msingi, mtayakuta hapo yakiwangoja.