SOMO LA MWEZI HUU: MAJI YA BOILA KATIKA KIWANDA CHA MAZIWA

Mkulima apelekaye maziwa kwa chama cha ushirika, iwe Kachibora, Kitale au Bungoma, huangalia sana ng'ombe wake, lakini boila haikumbuki. Walakini boila ikitoboka, maziwa hayapashwi moto, na hasara ni ya wanachama wote. Somo hili ni la wanakamati na watunza mitambo.

Kazi ya mtambo

Ili kuua vijidudu, maziwa hupashwa moto mpaka nyuzi 63 za Selsiasi, na kukaa hapo dakika 30. Katika mitambo mingine midogo, maji ya moto hutoka katika boila, huzunguka pipa la maziwa kwa nje, na pampu huyarudisha. Maji ni yale yale siku zote.

Adui ni wawili

Wa kwanza ni kutu. Maji mapya huja na hewa ndani yake, na oksijeni ya hewa hiyo hula chuma. Ikiisha, kutu hupungua sana. Wa pili ni ukoko, ule mweupe uonekanao ndani ya birika la chai. Ukoko huzuia moto usifike kwenye maji, nazo kuni huteketea bure.

Basi kila uongezapo maji mapya, unawalisha adui wote wawili. Yafaa kufanya hivi:

1. Ziba mahali panapovuja kabla ya kununua dawa.
2. Funga mita kwenye bomba la kuongezea maji, uandike hesabu yake daftarini kila juma.
3. Usimwage maji ya boila hii kila mara, kama ifanywavyo kwa boila ya mvuke.
4. Osha mabomba yote kwanza, ndipo utie dawa kwa kipimo cha mwenye kuiuza. Dawa itumikayo sana ni sodiamu naitraiti, ambayo hufanya utando wa kukinga chuma.
5. Pima maji kila mwezi. Kwa mabomba ya chuma, pH yafaa iwe kati ya 9 na 10. Kama boila ni ya alumini, kipimo hicho kimezidi, mwulize fundi.

Hatari kubwa

Naitraiti ni sumu. Huzuia damu isichukue hewa, na watoto wachanga hudhurika upesi. Kwa hiyo maji haya yasitumiwe hata kidogo kuoshea makopo ya maziwa, wala mikono, wala kupikia chai. Pipa likitoboka kwa ndani, maziwa yaliyomo yamwagwe, yasiuzwe. Dawa isiwekwe katika chupa ya soda, wala isichanganywe na asidi, maana hutoa moshi wa sumu.

Maswali

1. Kwa nini maji mapya huleta kutu?
2. Mita yaonyesha maji yameongezwa sana juma hili. Utatafuta nini kwanza?
3. Mtu ataka kuoshea kopo lake kwa maji ya boila. Utamjibuje?