Blokicheni na Fedha za Misitu: Mwananchi Ajue Nini Kabla ya Kuweka Sahihi

Tangu mwaka 2013, wakazi wa Gazi na Makongeni katika Kaunti ya Kwale wamekuwa wakipata mapato kwa kulinda mikoko. Mradi wao, Mikoko Pamoja, unahifadhi hekta 117 za msitu. Kaboni inayohifadhiwa humo, takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka, huuzwa kwa kampuni na watu wanaotaka kufidia uchafuzi wao. Pesa hizo zimeleta maji kijijini na vitabu shuleni. Baadaye Vanga, Jimbo na Kiwegu walianzisha mradi kama huo katika msitu wa hekta 460.

Mikoko Pamoja ilianza bila blokicheni, kwa kamati ya wanakijiji na mikutano ya baraza. Siku hizi teknolojia hiyo inatajwa kama njia ya kufikisha pesa za msitu haraka na bila wizi. Je, ni kitu gani?

Blokicheni ni daftari la hesabu. Badala ya mweka hazina kufungia nakala moja kabatini, nakala huwekwa katika kompyuta nyingi zisizo za mtu mmoja, na kila ukurasa hubeba alama ya ukurasa uliotangulia. Anayetaka kubadilisha malipo ya mwezi uliopita itambidi abadilishe kurasa zote zilizofuata, tena katika nakala nyingi kwa wakati mmoja, jambo ambalo ni gumu mno. Kwa hiyo mnunuzi aliye Ulaya na mvuvi wa Gazi wanaweza kuona jambo lile lile: tani zilizouzwa na kiasi kilicholipwa. Faida hiyo si ndogo, kwa maana ugomvi wa pesa za pamoja mara nyingi huanzia kwenye hesabu zisizosomwa mbele ya watu.

Wala si lazima mtu awe na simu ya bei ghali. Huko Kinango, wananchi wamewahi kununua na kuuza kwa Sarafu, pesa ya kijamii iliyojengwa juu ya blokicheni, kwa kutumia simu za kawaida.

Lakini daftari haliingii msituni. Aliyeandika kwamba mikoko imesimama, ilhali boriti zimekatwa usiku, atakuwa ameweka uongo usiofutika. Miti bado inahitaji kupimwa na watu wenye futi mkononi. Isitoshe, kuanzia mwaka 2021 hati za kaboni zilizokwisha kufungwa rejistani kana kwamba zimetumika ziligeuzwa tokeni na kuingizwa tena sokoni. Mei 2022, Verra, shirika la Marekani lenye rejista kubwa ya hati hizo, lilipiga marufuku mtindo huo. Bei ya tokeni nayo hupanda na kushuka ghafla, na mlinzi wa msitu ananunua unga kwa shilingi. Ni salama zaidi mkataba utaje malipo kwa shilingi.

Jambo linalosahaulika zaidi ni ufunguo. Tokeni hulindwa kwa namba ya siri, na ikipotea, kwa kawaida hakuna meneja wa benki wa kuirudisha. Akiishika mwenyekiti peke yake, pesa za kijiji kizima ziko mfukoni mwake. Inawezekana kupanga kwamba pesa hazitoki mpaka watu watatu kati ya watano waidhinishe, sawa na sahihi za akaunti ya kikundi, na walau wawili kati yao wawe akina mama.

Sheria nayo haibadiliki kwa sababu ya tokeni. Marekebisho ya mwaka 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanataka mradi wa kaboni ulio katika ardhi ya umma au ya jamii uwe na mkataba wa maendeleo ya jamii. Kwa miradi ya ardhi kama misitu, angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka, baada ya gharama, ni ya jamii. Mradi wenyewe lazima uandikishwe katika rejista ya kitaifa ya kaboni.

Mikoko Pamoja ilipangwa kwa miaka 20. Mtoto aliyezaliwa mwaka ilipoanza atakuwa mtu mzima itakapokwisha. Mkataba wa muda kama huo usomwe wote barazani, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji, na nakala yake ibaki kijijini kabla ya yeyote kuweka sahihi.