Barua Kutoka Ashuri

Mji wa Ashuri, kando ya mto Tigri, ulitajirika kwa biashara kama miaka 1900 kabla ya Kristo. Punda walichukua bati na nguo, mwendo wa kilometa zipatazo 1,000, hata Kanesh, katika Uturuki ya leo. Faida ikarudi kwa fedha na dhahabu. Nguo nyingi zilifumwa majumbani na wake wa wafanya biashara wenyewe. Twayajua hayo kwa vibao vya udongo, zaidi ya 20,000, vilivyochimbuliwa huko Kanesh.

Katika kimoja wanawake wa Ashuri wamwonya jamaa yao Imdi-ilum, ya kuwa apenda fedha hata kuudharau uhai wake. Walikuwa wapagani (waliuliza waaguzi kwanza!), lakini hawakuwa mbali na swali la Bwana wetu katika Marko 8:36. Faida si dhambi. Mithali 11:1 yadai mizani ya haki tu. Bali baba aliye mbali kwa ajili ya mali na ajiulize: barua ya mwisho kutoka nyumbani iliomba fedha, au ilimwomba yeye mwenyewe?