Nani Anasubiri Jibu? Somo la Ujumbe wa "Mambo?" kwa Kliniki za Zama za Simu Janja

Utangulizi

Katika muda wa takribani miaka ishirini, wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wamehama kutoka simu ya vitufe hadi simu janja yenye picha, sauti na video. Kila chombo kipya kinapoingia, watoa huduma za afya hujiuliza namna ya kukitumia kuwafikia wagonjwa wao. Makala haya yanapendekeza swali jingine litangulie: ujumbe ukishamfikia mgonjwa, nani anasubiri jibu lake? Tafiti mbili zilizofanyika nchini Kenya, wakati simu ya mkononi ilipokuwa bado ngeni katika huduma za kliniki, zinatusaidia kulijibu.

Neno moja kila Jumatatu

Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI (VVU) hutakiwa kumeza dawa kila siku, maisha yake yote. Dozi zinaporukwa mara kwa mara, virusi hupata mwanya wa kuzaliana na kujenga usugu, na dawa iliyokuwa ikimfaa mgonjwa hupoteza nguvu. Aghalabu sababu za kuruka dozi hujitokeza nyumbani, kati ya hudhurio moja na jingine: kichefuchefu, kukosa nauli, safari ya ghafla au hofu ya kuonekana na vidonge.

Kuanzia mwaka 2007, utafiti ulioitwa WelTel uliandikisha wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa katika kliniki tatu, mbili za Nairobi na moja ya Kajiado. Wagonjwa 265 walipata huduma ya kawaida. Wengine 273 walipata huduma hiyo hiyo, pamoja na ujumbe mfupi wa simu kila Jumatatu wenye neno moja tu: "Mambo?" Walitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu "Shida", na vilevile aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010. Katika kundi la ujumbe, asilimia 62 walieleza kuwa walizingatia dawa ipasavyo, ikilinganishwa na asilimia 50 katika kundi la huduma ya kawaida. Walioonekana kwa vipimo kuwa virusi vyao vimefubazwa walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48.

Ubunifu ulikuwa wapi?

Chombo chenyewe hakikuwa cha ajabu, kwani kilikuwa simu ya kawaida. Mambo matatu katika mpango huo yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, ujumbe haukutaja ugonjwa wala dawa. Ndugu aliyeiona simu mezani alikuta salamu ya kila siku tu. Pili, mgonjwa aliulizwa hali yake, hakuamriwa. Tatu, ukimya ulihesabiwa kuwa jibu. Mgonjwa aliyekata tamaa huenda asiwe na nguvu ya kuandika "Shida", lakini kliniki ilimtafuta.

Utafiti wa pili, uliofanyika Chulaimbo magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2011, unaongeza tahadhari. Washiriki waliokumbushwa mara moja kwa wiki walizingatia dawa vizuri zaidi: asilimia 53 walifikia kiwango cha angalau asilimia 90 ya dozi zao, dhidi ya asilimia 40 ya wasiotumiwa ujumbe. Waliokumbushwa kila siku hawakupata manufaa hayo. Kwa hiyo, wingi wa ujumbe si wingi wa msaada. Kengele inayolia kila saa mwishowe huzoeleka.

Kuyahamishia mafunzo haya kwenye simu janja

Leo ujumbe wa sauti unaweza kumfikia mgonjwa asiyejua kusoma, na picha ya kidonda inaweza kumpunguzia mtu wa mbali safari isiyo ya lazima. Hata hivyo, vyombo hivi vina hatari ambazo ujumbe wa "Mambo?" uliziepuka. Kundi sogozi la wagonjwa wa kliniki moja huanika namba ya kila mwanakikundi mbele ya wenzake, na kuwamo kundini tu kunaweza kufichua ugonjwa wake. Picha iliyopigwa kwa simu binafsi ya mhudumu inaweza kubaki humo miaka mingi. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Wajibu wa kuzilinda haukomi mlangoni mwa kliniki.

Kabla ya kuanzisha njia yoyote mpya ya mawasiliano, hata kama ni programu ya akili mnemba inayojibu yenyewe, mtoa huduma ajiulize:

1. Mtu mwingine akiuona ujumbe huu, atajua ugonjwa wa mgonjwa wangu?
2. Mgonjwa anaweza kujibu bila gharama kubwa na kwa lugha yake?
3. Nani, kwa jina na kwa zamu, atashughulikia jibu la "Shida"?
4. Asiyejibu atatafutwa na nani, na baada ya muda gani?

Iwapo swali la tatu na la nne hayana majibu, ni heri kusubiri. Kuwaalika watu waseme shida zao, kisha kutowasikiliza, huvunja imani ambayo ni vigumu kuirejesha.

Kwa mgonjwa

Iarifu kliniki yako unapobadili namba ya simu, na ueleze kama simu hiyo mnaitumia zaidi ya mmoja. Ukipokea ujumbe unaokutaka uache dawa au ubadili dozi, hata ukitoka kwa mtu unayemwamini, wasiliana kwanza na mhudumu wako. Ukiwa na dalili za hatari, kama kupumua kwa shida, kutokwa damu nyingi au kuchanganyikiwa, usisubiri kujibiwa kwenye simu. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe.

Hitimisho

Vyombo vya mawasiliano vitaendelea kubadilika, na hatuna budi kubadilika navyo. Hata hivyo, kinachomsaidia mgonjwa aliyejibu "Shida" ni kile kile cha mwaka 2007: simu inayopigwa na mtu aliyekuwa akisubiri jibu lake.