Kufundisha Ubunifu kwa Ndege ya Karatasi

Watoto wa Kariakoo hupenda michezo ya kompyuta ya kuunda ndege za kivita. Shauku hiyo twaweza kuitumia katika somo la Sayansi kwa karatasi tu.

Kila kundi likunje ndege yenye mabawa ya pembetatu, umbo tulionalo katika J-7 za Kichina zilizotumiwa na jeshi letu. Irushwe mara tatu pasipo upepo, na umbali upimwe. Kisha libadilishwe jambo moja tu: kibanio cha karatasi kiwekwe puani. Uzito ukielemea nyuma, ndege huinua pua, hupoteza mwendo na kuanguka. Ukizidi mbele, hupiga mbizi.

Tusitoe jibu mapema. Mwanafunzi abadilishaye mambo mawili kwa pamoja hatajua lipi lililomfaa.