Njiwa, Kitufe na Simu: Ni Nani Mwenye Dhima?

Mwanafunzi akikesha na simu, lawama humshukia yeye kwanza: hana nidhamu, hajui thamani ya wakati. Kabla ya kuikubali hukumu hiyo, yafaa tukichunguze chombo chenyewe.

Mnamo mwaka 1957 wanasaikolojia wa Marekani, C. B. Ferster na B. F. Skinner, walichapisha matokeo ya majaribio mengi waliyoyafanya kwa njiwa. Njiwa aliwekwa katika kisanduku chenye kitufe. Akikidonoa, hupata chakula. Malipo yalipotolewa baada ya idadi ile ile ya kudonoa, ndege alipumzika kidogo kila alipokwisha kula. Lakini idadi ilipobadilishwa, mara chache, mara nyingi, bila yeye kuweza kukisia, hakutua: alidonoa kwa kasi, na hata chakula kilipokatizwa kabisa aliendelea kwa muda mrefu. Kanuni hiyo ndiyo iendeshayo mashine za kamari, zile ziitwazo dubwi mitaani kwetu.

Kuifungua simu ili kutazama kama kuna jipya ni kudonoa kitufe: pengine utakuta salamu za rafiki, pengine hutakuta kitu. Zaidi ya hayo, zamani ukurasa ulikuwa na mwisho, na msomaji alibonyeza ili aendelee. Katika kituo hicho kifupi aliweza kuamua kuacha. Mwaka 2006 mbunifu Aza Raskin alibuni ukurasa usiokwisha, kwa nia ya kumpunguzia msomaji usumbufu. Baadaye alikiri hadharani kwamba anayajutia matokeo yake.

Je, dhima ni yake? Kwa sehemu ndogo. Makampuni hupata fedha za matangazo kwa kadiri macho ya watu yanavyodumu kwenye kioo. Hujaribu mabadiliko kwa watumiaji wao, na kupima ni lipi linalorefusha muda huo. Kwa maoni ya mwandishi, apimaye ndiye ajuaye, naye hawezi kujitetea kwamba mtumiaji alichagua mwenyewe. Mtumiaji anayo sehemu yake, hasa akiwa mtu mzima. Lakini hakuna aliyemlaumu njiwa.

Serikali nazo zina uwezo ambao mzazi hana. Mwezi Aprili 2024 programu ya TikTok Lite ilianza kutumika Ufaransa na Hispania, ikiwapa watazamaji wa video alama ziwezazo kubadilishwa kwa zawadi. Tume ya Ulaya ilifungua uchunguzi mwezi huo huo. Kufikia Agosti kampuni ilikuwa imeahidi kuuondoa mpango huo wa zawadi katika Umoja wa Ulaya.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa punje za mahindi. Wanafunzi wawili wagonge meza: mmoja apewe punje kila agongapo mara tano, mwingine kwa idadi inayobadilishwa kwa siri. Kisha punje zikatizwe, na darasa lihesabu kila mmoja atagonga mara ngapi kabla ya kuacha. Jaribio lirudiwe kwa jozi tano au zaidi, kwani jozi moja haithibitishi kitu.